GDB haikuongopei: dhana potofu kuhusu desimali na brekipointi

"Kaka, hii dibaga imeharibika." Ndivyo alivyoniambia kijana mmoja jioni moja, kompyuta yake ikiwa mapajani. Programu yake ndogo ya lugha ya C ilikuwa inalipa deni kwa awamu kumi, kila awamu sehemu moja ya kumi, na ilitakiwa kusimama deni likishatimia. Haikusimama. Ilizunguka tu. Kiini chake kilikuwa hiki:

```
double x = 0.0;
while (x != 1.0) {
    x += 0.1;
    lipa(x);
}
```

Alikuwa ameshaongeza mstari wa kuchapisha x, na baada ya awamu ya kumi akaona 1.000000 kwa macho yake. Alipofungua GDB, dibaga yake, yaani programu ya kuchungulia ndani ya programu nyingine inapoendeshwa, na kuiuliza x ni ngapi pale pale, akajibiwa 0.99999999999999989. Kati ya hao wawili, akaamua mwongo ni GDB.

Hukumu hiyo nimeisikia mara nyingi, na inaniuma, maana inamfanya mtu akitupe chombo ambacho ndicho kilikuwa kinamwambia ukweli. Hizi ndizo dhana ninazokutana nazo zaidi.

Dhana: programu ikichapisha 1.000000, basi x ni 1

Aliyekadiria ni `printf`, ile fanksheni ya C ya kuchapisha. Ukimpa `%f` anakadiria hadi tarakimu sita baada ya nukta, na 0.99999999999999989 ikikadiriwa hivyo inakuwa 1.000000. GDB yenyewe huonyesha `double` kwa tarakimu hadi 17 na `float` kwa tarakimu hadi 9 (hizo ni aina mbili za C za kuhifadhi desimali), kwa sababu idadi hiyo inatosha kutofautisha thamani yoyote na jirani yake. Ndiyo maana ukiandika `print 0.1` unajibiwa 0.10000000000000001, na watu wanashtuka.

Hakuna cha kushtua. Kompyuta inaandika kwa mbili, yaani kwa 0 na 1 tu, si kwa kumi. Kama vile theluthi moja isivyoweza kuandikwa ikaisha kwa desimali zetu, sehemu moja ya kumi haiishi ikiandikwa kwa mbili. Kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985 kuhusu desimali za kompyuta, ambayo mwanahisabati William Kahan alikuwa mhimili wake hadi akapewa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1989, inaipa `double` biti 64, yaani nafasi 64 za 0 au 1: moja ya alama ya chanya au hasi, 11 za kipeo, na 52 za tarakimu zenyewe. Ndani ya biti hizo, 0.1 inakuwa 0.10000000000000000555 na mkia mrefu nyuma yake.

Ukitaka kuziona biti zenyewe bila mkalimani, soma kumbukumbu moja kwa moja:

```
(gdb) x/gx &x
```

Kwa yule kijana jibu lilikuwa `0x3fefffffffffffff`, yaani biti zile zikiandikwa kwa msingi wa 16. Sasa 1.0 kamili ni `0x3ff0000000000000`. Zitazame hizo mbili kwa makini: ni majirani. Kati yao hakuna `double` nyingine yoyote. Programu yake ilipita hatua moja tu pembeni ya 1, ndogo kuliko zote zinazowezekana chini yake, kisha ikaendelea na safari. Wengi hujaribu `print/x x` badala ya hiyo, lakini katika matoleo mengi ya GDB amri hiyo kwanza huigeuza thamani kuwa namba kamili, kwa hiyo 0.9999 inakupa `0x0` na unazidi kuchanganyikiwa. Tumia `x/gx`.

Dhana: basi namba zote za nukta elea ni za kukisia

Hapana. Nukta elea ni mtindo wa kuhifadhi desimali ambamo nukta husogea, kama `double` na `float`. Humo, 0.5, 0.25 na 0.75 zinakaa kamili bila upungufu wowote. Namba nzima zote hadi 9,007,199,254,740,992, yaani 2 kwa kipeo cha 53, zinakaa kamili pia. Tena kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya kuna sheria moja: jibu lazima liwe lile lililo karibu zaidi na jibu la kweli. Mashine inakadiria kwa sheria, haibahatishi.

Katika mazungumzo ya aina hii lazima mtu ataje kombora la Patriot kule Dhahran, Saudi Arabia. Tarehe 25 Februari 1991 mfumo ule ulishindwa kulizuia kombora la Scud, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Watu huliita kosa la nukta elea. Ukweli ni kwamba kompyuta ile ilitumia nukta isiyosogea, kwenye rejista (hifadhi ndogo ndani ya kichakataji) ya biti 24. Ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu moja ya kumi ikakatwa mkia ili itoshe. Baada ya saa kama 100 bila kuzimwa, saa yake ilikuwa imepotea kwa takriban theluthi moja ya sekunde. Kwa hiyo kiini ni kilekile cha 0.1, ila kukwepa nukta elea hakukuwaokoa.

Dhana: brekipointi ya sharti isiposimama, imegoma

Brekipointi ni alama unayoweka kwenye mstari wa msimbo ili programu isimame hapo; ukiipa sharti, isimame sharti likiwa kweli tu. Kijana wangu alikuwa ameweka hii:

```
(gdb) break awamu.c:9 if x == 1.0
```

Haikusimama hata mara moja, akaongeza shtaka la pili juu ya GDB. Lakini brekipointi ilifanya kazi kila mzunguko: programu ilisimamishwa, sharti likapimwa, likakutwa si kweli, programu ikaruhusiwa kuendelea. (Ndiyo maana pia sharti ndani ya mzunguko wa mamilioni huifanya programu itambae.) Kwa desimali weka masafa, siyo usawa: `if x > 0.95 && x < 1.05`.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Kigeu kikiwa `float` na ukaandika `if f == 0.1`, hutasimama kamwe, hata kama f ilipewa 0.1f mstari wa juu yake. Ndani ya GDB, kama ilivyo ndani ya C, 0.1 tupu ni `double`, na `float` iliyo karibu na 0.1 ni 0.100000001490116. Andika `0.1f` na mambo yananyooka.

Na ukiwinda NaN, ile thamani inayozaliwa mtu anapogawanya sifuri kwa sifuri, kuna sharti fupi ninalolipenda kuliko yote: `if x != x`. NaN ndiyo thamani pekee isiyolingana hata na yenyewe. Dibaga inasimama pale pale sumu inapoingia kwenye hesabu, siyo mistari mia mbili baadaye ripoti ikiwa imeshajaa `nan`.

Dhana: amri za brekipointi zote hutekelezwa hadi mwisho

Hapa ndipo watu wanapoteza saa nyingi, kwa hiyo nitakaa kidogo. GDB inakuruhusu kuambatanisha orodha ya amri kwenye brekipointi, zitekelezwe zenyewe kila inapofikiwa. Tulimwekea hivi:

```
(gdb) break awamu.c:9
(gdb) commands
> silent
> printf "x = %.17g\n", x
> continue
> end
```

Jaribio lake la kwanza lilikuwa na `continue` juu na `printf` chini, na hakuona kitu. GDB haikusahau. Amri yoyote inayoirudisha programu barabarani, iwe `continue`, `next`, `step` au `finish`, inafunga orodha. Zilizo chini yake zinapuuzwa. Sababu ni ya msingi: programu ikishaondoka inaweza kugonga brekipointi nyingine yenye orodha yake, na hapo haingejulikana ifuatwe orodha ipi. Kwa hiyo kinachoiondoa programu kikae mwisho.

`silent` nayo ina nafasi yake. Lazima iwe ya kwanza, la sivyo haizimi lile tangazo la kila kusimama. Na `commands` bila namba inahusu brekipointi uliyoiweka mwisho. Kama katikati umeweka nyingine, amri zako zitaangukia huko. Taja namba, `commands 1`, ulale salama. Andika pia `set pagination off`, maana bila hiyo skrini ikijaa GDB inakusubiri ubonyeze kitufe, nawe unadhani programu imekwama.

Kama unachotaka ni kuchapisha tu na kuendelea, `dprintf awamu.c:9,"x = %.17g\n", x` inamaliza yote kwa mstari mmoja.

Tukaiendesha, kisha tukaisimamisha kwa Ctrl-C na kurudi juu kusoma:

```
x = 0.10000000000000001
x = 0.20000000000000001
x = 0.30000000000000004
x = 0.40000000000000002
x = 0.5
x = 0.59999999999999998
x = 0.69999999999999996
x = 0.79999999999999993
x = 0.89999999999999991
x = 0.99999999999999989
x = 1.0999999999999999
```

Tulisoma mstari kwa mstari. Wa tatu umezidi kidogo. Wa tano umeangukia 0.5 kamili, kana kwamba hakuna kilichotokea. Wa nane umebaki nyuma, na kuanzia hapo kila mstari ukabaki nyuma. Mwenzangu alinyamaza muda mrefu akiutazama mstari wa kumi.

Dhana ndogo ndogo

`info float` haikuonyeshi `double` zako kwenye kompyuta nyingi za leo za Intel na AMD. Inaonyesha rejista za zamani za x87, wakati programu ya biti 64 kwa kawaida inafanyia desimali kwenye rejista za xmm. Kwenye Linux, fanksheni inayorudisha `double` inaiacha `xmm0`. Isome kwa `print $xmm0.v2_double[0]`.

`print 10/4` ikikupa 2, dibaga imefuata sheria za C. Andika `10/4.0`.

`print sqrt(2.0)` ikikataa au ikileta takataka, tatizo ni kwamba GDB haina taarifa za fanksheni hiyo. Matoleo ya zamani yalidhani inarudisha `int`. Mapya yanakutaka uitaje aina. Andika `print ((double(*)(double))sqrt)(2.0)`.

Na ukiona `<optimized out>`, kompaila imekiondoa kigeu au imekigawia nafasi yake kitu kingine. Kompaili upya kwa `-Og -g` au `-O0 -g` kabla ya kumlaumu mtu.

Msimbo wa awamu tuliurekebisha kwa kuhesabu awamu kwa namba nzima, i kutoka 1 hadi 10, na x ikawa `i / 10.0`. Brekipointi ile ile, amri zile zile. Ilichapisha mistari kumi, wa mwisho ukiwa `x = 1`, na programu ikaisha yenyewe. Kisha kijana akaweka kidole kwenye mstari wa tatu, ambao sasa ulisomeka 0.29999999999999999. "Kaka, mbona hii imebadilika?" Nikamwambia aandike `print 0.3`. Akaandika, akajibiwa 0.29999999999999999, akaanza kucheka.