Je, wajua kwa nini mwalimu mkuu wa Marekani anaweza kumwacha ofisa wa uhamiaji asubiri mlangoni?

Tarehe 7 Aprili 2025, maofisa wa Idara ya Usalama wa Ndani ya Marekani walifika katika shule mbili za msingi za Los Angeles, Russell na Lillian Street, wakitaka kuzungumza na wanafunzi kadhaa. Idara hiyo ilieleza kwamba maofisa wake walikwenda kuangalia hali ya watoto walioingia nchini bila wazazi. Uongozi wa shule za jiji, kwa upande wake, ulisema kwamba walidai kuwa na ruhusa ya familia, ruhusa ambayo familia hazikuwahi kuitoa. Wakuu wa shule zote mbili waliwakatalia, na maofisa wakaondoka bila kuonana na mtoto hata mmoja. Kwa msomaji aliyezoea kuona ofisa wa serikali akifika shuleni anapewa kiti na chai hata kabla hajaeleza shida yake, swali linakuja lenyewe: mwalimu mkuu anapata wapi ubavu wa kuwarudisha watu wa serikali kuu?

Sehemu ya jibu iko Texas. Mwaka 1975 jimbo hilo lilibadili sheria yake ya elimu ili fedha za umma zisiwasomeshe watoto walioingia nchini kinyume cha sheria, na katika mji wa Tyler watoto hao wakatakiwa kulipa ada ya dola 1,000 kwa mwaka, katika shule ambazo wenzao walisoma bure. Shauri lililofunguliwa kupinga hatua hiyo, Plyler dhidi ya Doe, lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1982 majaji wakaamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba jimbo haliwezi kuwanyima watoto hao elimu ya umma. Jaji William Brennan, aliyeandika hukumu, alishikilia kwamba si haki kumwadhibu mtoto kwa safari ambayo hakuiamua yeye.

Kutokana na hukumu hiyo, shule kwa kawaida haziulizi habari za makaratasi ya uhamiaji. Mzazi anayemwandikisha mtoto huombwa uthibitisho wa umri, kadi ya chanjo na kitu cha kuonyesha anakoishi, kama mkataba wa pango au bili ya umeme, basi. Ofisa akija kuuliza ni wanafunzi gani hawana makaratasi, mara nyingi hakuna daftari la kumfunulia, kwa sababu jambo hilo halikuandikwa popote.

Yale yaliyoandikwa nayo yana ulinzi wake. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi inazikataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kutoa taarifa za mtoto bila idhini ya mzazi, isipokuwa katika mazingira maalumu kama vile amri ya mahakama, na hata hapo shule kwa kawaida hutakiwa kujitahidi kumjulisha mzazi kwanza. Ukuta huu una ufa. Shule inaweza kuliweka jina, anwani na namba ya simu katika kundi la taarifa za kawaida zinazoweza kutolewa, mpaka mzazi akatae kwa maandishi. Fomu ya kukataa hufika mwanzoni mwa mwaka wa masomo pamoja na rundo la karatasi nyingine, na sitashangaa nikiambiwa kwamba wengi huipita bila kuisoma.

Lakini mlangoni penyewe, kinachoamua ni saini. Maofisa wa uhamiaji huweza kubeba hati za namna mbili. Moja hutolewa na mahakama: ina jina la mahakama hiyo, saini ya jaji, na maelezo ya mahali panapopaswa kupekuliwa au mtu anayetafutwa. Nyingine, kama ile iitwayo Fomu I-200, hutiwa saini na ofisa wa uhamiaji mwenyewe. Hii ya pili inaruhusu kumkamata mtu aliyetajwa, lakini peke yake haimpi ofisa haki ya kuingia sehemu zisizo wazi kwa umma, darasa likiwa mojawapo, bila ridhaa ya wenye mahali. Msingi wake ni Nyongeza ya Nne ya Katiba, inayowakinga watu dhidi ya upekuzi usio na sababu ya kuridhisha.

Ndiyo maana miongozo ya wilaya nyingi za shule, yaani mamlaka za mitaa zinazoendesha shule za umma, inafanana. Karani wa mapokezi hakubali wala hakatai. Anaomba kitambulisho, anatoa nakala ya hati, anampigia mwalimu mkuu, naye anamtafuta mwanasheria wa wilaya, na muda wote huo mgeni anasubiri ukumbini. Wafanyakazi huonywa wasiseme uongo, wasimfiche mtoto, wala wasijaribu kumzuia ofisa kwa mwili. Akiingia kwa nguvu, wanaandika kilichotokea. Hati ikiwa ya jaji, shule inatii. Ikitokea dharura ya kweli ya kuhatarisha maisha, sheria haimtaki ofisa asubiri karatasi.

Utaratibu huu hufanya kazi hata pale shule inapokosea kuwatambua wageni wake. Tarehe 24 Januari 2025, shule ya msingi ya Hamline mjini Chicago iliwazuia maofisa wawili ikidhani ni wa uhamiaji, kumbe walikuwa wa Secret Service, kikosi cha kuwalinda viongozi, wakichunguza tishio. Kuwazuia kulikuwa sahihi. Kutangaza kwa haraka kwamba ni watu wa uhamiaji ndiko kulikotia jiji zima hofu.

Hofu hiyo ilikuwa na chimbuko. Tangu 2011 mwongozo wa serikali kuu uliwataka maofisa waepuke kukamata watu shuleni, makanisani na hospitalini, na mwaka 2021 ukapanuliwa. Januari 2025 serikali mpya iliufuta. Wilaya ya shule za Denver ilikwenda mahakamani mwezi uliofuata kupinga hatua hiyo, lakini mwezi Machi jaji akakataa kuizuia. Wengi waliuelewa ufutaji huo wa mwongozo kana kwamba milango ya madarasa imefunguliwa, ilhali kilichofutwa ni mpaka ambao serikali ilikuwa imejiwekea yenyewe, na Katiba haikuguswa. California iliongeza kinga yake Septemba 2025 kwa sheria inayotaka hati ya jaji kabla ya ofisa wa uhamiaji kuingia sehemu za shule zisizo za umma, ingawa si kila jimbo lina sheria ya namna hiyo.

Mamlaka ya mwalimu mkuu yanaishia getini. Mzazi anaweza kukamatwa barabarani baada ya kumshusha mtoto asubuhi, na ifikapo saa tisa alasiri shule ikabaki na mtoto asiye na wa kumchukua. Kwa hiyo shule nyingi sasa zinawahimiza wazazi waandike majina zaidi ya moja katika kadi ya dharura. Familia za Kikongo zinazozungumza Kiswahili, ambazo nyingi ziliingia Marekani kihalali kama wakimbizi, nazo hujaza kadi hiyo hiyo. Shangazi au jirani anayekuja kumchukua mtoto huombwa kitambulisho, na asipokuwa katika kadi anaweza kuondoka mikono mitupu.