Kipande cha Babu: Usikitupe, Usikisome Haraka

Arobaini ikipita, sanduku la marehemu hufunguliwa. Shuka hugawanywa, picha hugombewa, na kadi chakavu yenye visanduku 30 hutupwa jalalani. Mimi mtunza nyaraka hilo huniuma, kwa sababu huenda ndiyo karatasi pekee iliyowahi kuandikwa jina la mzee huyo enzi za ujana wake.

Hicho ni kipande, kadi ya kuhesabia siku za kazi ya kibarua enzi za ukoloni. Katika mashamba ya mkonge ya Lindi, kama ya Tanga, mshahara haukufuata kalenda. Siku uliyofanya kazi ilitiwa alama, siku uliyougua ikabaki tupu, na malipo yalikuja alama 30 zikitimia. Kwa hiyo vipande vitatu si miezi mitatu. Tazama mapengo kabla ya kuhesabu.

Jina ndilo linalopoteza wengi. Kijana akitoka jandoni alipewa jina jipya, na karani naye aliandika alivyosikia. Tena kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, ukoo kwa jadi hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Ukimtafuta babu kwa jina la baba yake tu, utazunguka sana. Wapelekee kadi hiyo watoto wa dada zake, uwaulize: kabla ya jando aliitwa nani? Waulize leo, wangali hai.

Na mahali? Kabla ya uhuru, Jimbo la Kusini lilienea toka pwani hadi Songea, na makao makuu yake yalikuwa Lindi kabla ya kuhamia Mtwara. Mkoa wa Lindi tunaoujua ulianza 1971. Muhuri wa Lindi, basi, haumfanyi babu kuwa mtu wa Lindi. Karatasi ikitaja kazi ya reli ya Nachingwea, hapo una bahati, maana miaka yake inajulikana: mradi wa Waingereza wa kulima karanga ulioizaa reli hiyo ulianza 1947, na reli ikafungwa 1962.

Tafadhali kadi yenyewe usiibandike selotepu wala kuipiga leminesheni. Gundi hula karatasi. Ipige picha mbele na nyuma, uiweke ndani ya bahasha, mbali na jua na mchwa.

Kisha njoo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mafaili ya kikoloni hayakupangwa kwa majina ya watu, yalipangwa kwa ofisi zilizoyaandika. Ukija na jina la wilaya, la shamba na la jumbe (mkuu wa kijiji) wa babu, tutajua rafu ya kuanzia.