Sheria kwa Sheria: Jinsi Mwafrika Alivyofanywa Kuishi kwa Kibali Nchini Mwake

Ukimuuliza kijana wa leo ukoloni uliwafanyia nini wazee wetu, atakutajia bunduki, viboko na mashujaa wa Maji Maji walionyongwa. Hayo yote yalitokea na tusiyasahau. Ila sisi tunaofundisha historia ya sheria hapa Dar es Salaam tunaona kuna upande ambao hauzungumzwi vya kutosha. Haki nyingi zilichukuliwa ofisini, kwa kalamu, kifungu baada ya kifungu. Vita vya Maji Maji vilikwisha mwaka 1907. Vifungu viliendelea kufanya kazi kwa miongo mingi, na baadhi vilivuka na sisi hadi ng'ambo ya Uhuru.

Tuanze na ardhi, maana huko ndiko kulikozaa mengine. Tarehe 26 Novemba 1895 Kaiser wa Ujerumani alitoa amri kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali yake. Ukiisoma kwa haraka haina ubaya: ardhi isiyo na mwenyewe, nani atalalamika? Uzito ulikuwa kwenye uthibitisho. Mlowezi alitoa hati yake mezani, basi. Mzaramo au Mshomvi aliyelima shamba la babu yake hakuwa na karatasi. Alikuwa na minazi aliyoikuta imepandwa, makaburi ya jamaa zake, na majirani waliojua mpaka unapita wapi. Alihesabika kuwa anaikalia tu ile ardhi, na waliokaa kuamua ni maofisa wa serikali ileile iliyokwisha kujitangaza mmiliki.

Waingereza walipoingia walikuja na lugha laini zaidi. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilisema ardhi yote ni ya umma, iko chini ya Gavana, naye ataisimamia kwa manufaa ya wenyeji. Mwaka 1928 ikarekebishwa kutambua kuwa wenyeji wanaotumia ardhi kwa mila zao nao wana haki ya kuikalia. Kwenye karatasi ilikuwa hatua ya mbele. Ilipofika mahakamani, mambo yakawa mengine.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kesi yenyewe ni ya hapahapa mjini. Mtoro bin Mwamba alikuwa Mshomvi. Washomvi na Wazaramo walikuwa kwenye pwani hii kabla Seyyid Majid hajaanza kujenga mji wake miaka ya 1860. Mtoro aliishtaki serikali akitaka atambuliwe kuwa mmiliki kamili wa ardhi yake Dar es Salaam. Shauri lilifika Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, na mwaka 1953 akashindwa. Majaji walisema kwa mila ya Washomvi mtu ana haki ya kuitumia ardhi tu, hana umiliki. Fikiria hali hiyo. Mila ya watu wa pwani ilifasiriwa na majaji wa Kiingereza, kisha tafsiri yao ikatumika kumfungia mlango mwenye mila yake. Mzungu mwenye shamba jirani hakuulizwa kabisa mila za kwao zinasemaje. Yeye alipimwa kwa hati.

Huko Meru mwaka 1951 waliondolewa watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa mifugo. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa kuwasemea. Walisikilizwa, ila ardhi hawakurudishiwa wakati ule.

Mtu aliyeyumbishwa kwenye ardhi ni rahisi kumbana kwa kodi. Wajerumani walitunga kodi ya nyumba mwaka 1897, kijijini rupia 3 kwa nyumba. Mkulima alikuwa na mtama, mihogo, kuku na mbuzi. Rupia hakuwa nayo. Kuipata ilibidi auze mazao kwa bei ya mnunuzi au aende kumfanyia kazi mlowezi. Waingereza wakaendeleza kodi ya nyumba na kuongeza ya kichwa kwa wanaume. Mwenye wake watatu katika nyumba tatu alilipia zote. Aliyekosa fedha aliweza kupelekwa kwenye kazi za serikali. Na ile stakabadhi ya kodi ikageuka kitu cha kutembea nacho mfukoni: katika misako ya polisi mitaani hapa Dar es Salaam, asiyekuwa nayo alijua usiku huo hatalala kwake.

Kwenye kazi sheria ilikaza kamba zaidi. Huko Usambara Magharibi, kuanzia mwaka 1907, kila mwanamume mzima alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi kwa Wazungu siku 30 katika kila miezi minne. Chini ya Waingereza, Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya 1923 ilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kuisha kuwa kosa la jinai. Leo mfanyakazi akiondoka bila notisi, mwajiri atamdai fedha. Wakati ule aliweza kufungwa jela.

Mji wetu wenyewe ulichorwa kwa kanuni hizo. Kuna Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Majina haya wazee bado wanayatumia, na wengi hudhani watu walijipanga hivyo kwa kupenda kwao. Hapana. Kanuni za ujenzi, kwanza za Wajerumani na baadaye za Waingereza, zilitenga kanda tatu na kuweka viwango vya nyumba kwa kila kanda. Eneo la ufukweni lilitaka nyumba za mtindo wa Ulaya. Mwafrika wa kipato cha kibarua angeijengea nini? Kariakoo na mitaa inayoizunguka ikawa kanda ya wenyeji, na Mnazi Mmoja ukaachwa uwazi katikati ya mitaa hiyo na mji wa wengine. Kanuni za miji ziliongeza saa za usiku ambazo Mwafrika hakutakiwa kuonekana mitaani bila kibali, na mwaka 1944 ikaja sheria ya kuwaondoa mjini watu wasiotakiwa. Kijana aliyekosa kazi akarudishwa kwao, kama vile Dar es Salaam ni nchi ya watu wengine.

Kuna sheria moja ambayo haitajwi sana, nami naiona kuwa miongoni mwa zilizoumiza kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1923 serikali iliweka masharti ya kumkopesha Mwafrika: mfanyabiashara hakuweza kumdai deni mahakamani isipokuwa mkopo wenyewe umeidhinishwa na ofisa wa serikali. Ilielezwa kuwa ni kumlinda mwenyeji asinyonywe na wenye maduka. Lakini nani atamkopesha mtu asiyeweza kumdai? Ukijumlisha na ardhi isiyo na hati ya kuweka rehani, muuza duka Mwafrika wa Kariakoo alibaki na mtaji wa mfukoni pekee.

Je, angekwenda kulalamika wapi? Bwana Shauri wa wilaya alisimamia kodi, alitoa amri na alikuwa hakimu pia. Mwaka 1929, wakati wa Gavana Donald Cameron, mahakama za wenyeji ziliondolewa chini ya Mahakama Kuu na kuwekwa chini ya maofisa utawala, rufaa zikipanda kwao hadi kwa Gavana. Mawakili hawakuruhusiwa humo. Tayari tangu 1921 Gavana aliweza kuamuru mtu ahamishwe kutoka sehemu moja ya nchi hadi nyingine bila kesi ya kawaida, na kijiji kizima kiliweza kutozwa faini kwa kosa la wachache. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1926. Waafrika wa kwanza kuketi humo, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliteuliwa mwaka 1945. Kwa miaka 19 sheria za nchi zilijadiliwa bila mwenyeji hata mmoja kwenye kiti.

TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 ikakuta sheria ya usajili wa vyama inaingojea, na kwa sheria hiyo matawi yake yalifungwa katika baadhi ya maeneo, Usukuma likiwemo. Mwaka 1957 Mwalimu Nyerere alipigwa marufuku kuhutubia hadhara. Mwaka 1958 alishtakiwa hapa Dar es Salaam kwa kashfa ya jinai kutokana na makala aliyowakosoa maofisa wa wilaya, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Na uchaguzi wa kwanza, wa 1958 na 1959, ulimtaka mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango fulani, au wadhifa uliotajwa.

Uhuru haukuzifuta sheria hizi kwa siku moja. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilitaja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, na zile za kuhamisha watu na adhabu za pamoja zilikuwemo. Ni huyo huyo Jaji Nyalali aliyeongoza Mahakama ya Rufaa mwaka 1994 katika kesi ya Lohay Akonaay, mkulima aliyekuwa akinyang'anywa shamba lake la kimila. Mahakama ilikataa hoja kwamba wenyeji wanaikalia ardhi kwa hisani ya serikali, ikaamua kuwa haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na haichukuliwi bila fidia ya haki. Ilikuwa miaka 41 tangu Mtoro bin Mwamba aondoke mahakamani mikono mitupu.

Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikaandika katika kifungu cha 18 kwamba haki miliki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa na serikali. Hati yake hutolewa na halmashauri ya kijiji. Mwenye shamba kijijini ambaye bado hana hati hiyo aanzie ofisi ya mtendaji wa kijiji chake, na aende na majirani wanaoujua mpaka wake.