Mkeka, kibanda cha video na mtoto anayepanda mapaja yake

Ukitaka kujua kama mtoto ana ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli usianze na maswali mengi, mkalishe chini kwenye mkeka alafu mwambie simama uone. Mtoto mzima anaruka tu, hata huoni alivyofanya. Huyu wetu anageuka kwanza analala kifudifudi, anaweka mikono chini, anainua makalio juu, alafu mkono mmoja unashika goti, mwingine unafuata, anapanda mapaja yake mwenyewe kidogo kidogo kama mtu anayepanda mti, mpaka kiuno kinyooke. Daktari Mwingereza William Gowers aliandika juu ya namna hii ya kusimama mwaka 1879 na mpaka leo madaktari wanaiita kwa jina lake, haitaki mashine wala umeme wala pesa, inataka mkeka na mtu anayejua anaangalia nini.

Na hapo kwa mtu anayejua ndo kazi yetu ilipo. Mimi niko kwenye timu ya utafiti wa magonjwa ya misuli na mishipa ya fahamu, nashughulika na upande wa jamii, na kwa muda mrefu tulitembea na mabango yetu mazuri tukiyabandika kwenye vituo vya afya na watu wanayapita tu. Ukweli ni kwamba mwendo wa mtoto huwezi kuuandika kwenye karatasi. Unaweza ukasema "anatembea akiyumba kama bata, anakanyagia vidole, tumbo liko mbele", mama anaitikia ndiyo ndiyo, na bado hajaona. Kwa hiyo tukatengeneza filamu fupi, dakika kumi na kitu hivi, tukaipeleka pale watu wenyewe wanapokaa jioni, yani kwenye kibanda cha video.

Mtu wa Uganda simwelezi kibanda ni nini, mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, jenereta inanguruma nyuma, na VJ na maiki yake anatafsiri filamu ya kizungu huku akiongeza chumvi. Kule Nakivale, Isingiro, watu wengi wametoka Kongo na Burundi na Kiswahili ndo kinawaunganisha, basi tukaongea na VJ anayetafsiri kwa Kiswahili tukamwomba hii filamu yetu asiitie chumvi, akubali tu kusema polepole. Alikubali, na kusema ukweli alifanya vizuri kuliko mimi, maana sehemu ya mkeka aliirudisha mara tatu bila kuambiwa, mara ya tatu akanyamaza kabisa, kibanda chote kimya, unasikia jenereta tu.

Alafu bibi mmoja kutoka benchi la nyuma akasema kwa sauti, "Huyo ni kama mjukuu wangu."

Kesho yake asubuhi alikuja na mama wa mtoto na mtoto mwenyewe, ana miaka sita, mashavu ya miguu makubwa na magumu, mtaani walikuwa wanamsifia atakuwa mchezaji mpira na miguu ile. Hapo ndo pagumu kwa familia nyingi, mguu unaonekana mnene kumbe nguvu inaisha, msuli unakufa na mahali pake panajaa mafuta na nyama ngumu isiyofanya kazi. Yule mtoto alichelewa kutembea, alianza akiwa na miaka karibu miwili, ngazi hapandi bila kushika ukuta, shuleni anaanguka kila siku na wenzake wanamcheka.

Mama alikuwa na historia ndefu. Kwanza walisema ni sindano, na siwalaumu, Uganda tunao watoto wengi walioharibika mguu kwa sindano ya kwinini iliyodungwa matakoni, watu wameona kwa macho yao. Lakini mguu wa sindano unakuja ghafla baada ya kudungwa, na unakuwa ule ule mmoja. Wengine wakasema polio, nayo pia inakuja haraka, ndani ya siku chache, mara nyingi na homa. Huu wa misuli unakuja polepole miaka na miaka, pande zote mbili sawasawa, unaanzia nyonga na mapaja na mabega. Kliniki moja ikampima damu ikasema ini limeharibika, akanywa dawa za ini karibu mwaka mzima na mama akauza mbuzi kwa ajili hiyo. Naomba wahudumu wenzangu mnisikie hapa, vile vimeng'enya vya ALT na AST tunavyosomea ini viko kwenye misuli pia, msuli ukivunjika vinapanda, ini likiwa zima kabisa. Mtoto wa kiume mwenye ALT ya juu, macho si ya njano, na anaanguka anguka, mwombee kipimo cha CK, kimeng'enya cha misuli kinachovuja kwenye damu msuli ukivunjika, kabla hujamwandikia dawa ya ini. CK ya mtoto mzima huwa chini ya mia chache, ya huyu ilirudi zaidi ya 14,000.

Kwa kidaktari inaitwa maskula distrofi, sisi tunasema kudhoofika kwa misuli, na si ugonjwa mmoja, ni ukoo mzima. Kuna inayoanza ukubwani, kuna ya uso na mabega, kuna ya Becker inayokwenda taratibu. Unaoshika zaidi watoto ni wa Duchenne, umepewa jina la daktari Mfaransa wa karne ya 19, na unapata karibu mtoto mmoja kwenye kila watoto wa kiume 3,500 mpaka 5,000 wanaozaliwa. Mwili wao hautengenezi protini inayoitwa distrofini. Fikiria nyumba ya udongo, fito zimefungwa kwenye nguzo kwa kamba, sasa toa zile kamba, nyumba itasimama lakini kila upepo unailegeza. Distrofini ndo ile kamba, na kila hatua mtoto anayopiga ni upepo.

Maelekezo ya kutengeneza distrofini yako kwenye jeni iliyokaa kwenye kromosomu ya X, yani moja ya nyuzi za urithi tunazopewa na wazazi, na mtoto wa kiume anayo X moja tu, ya mama yake. Hapa ndo ndoa zinavunjika. Baba anasikia "imetoka kwa mama" anamrudisha mke kwao, na hilo nimeliona zaidi ya mara moja na linaniumiza kila mara. Sikilizeni, karibu theluthi moja ya hawa watoto hitilafu imeanza kwao wenyewe, mama hana kitu. Na mama mwenye nayo hakuila wala hakuitafuta, alizaliwa nayo bila kujua, kila mtoto wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kuugua, kila binti nusu kwa nusu ya kuibeba. Hakuna mtu amerogwa hapo. Mama anayeibeba naye apimwe moyo, maana wengine moyo wao unadhoofika ukubwani.

Tukiomba damu kwa ajili ya kupima jeni minong'ono inaanza, wanauza damu, wanapeleka Ulaya. Hofu hiyo Uganda ni ya zamani, hata wazee wanazo hadithi zake, kwa hiyo hatuikasirikii, tunaonyesha kichupa, tunaonyesha ni kijiko kimoja tu, tunaeleza inakwenda wapi na jibu litarudi lini, na anayekataa anaendelea kutibiwa kama kawaida. Sababu ya kuomba ni hii: kuna dawa mpya zinazolenga kipande fulani tu cha jeni, ya kwanza ya aina hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 2016 na inawafaa kama watoto 13 katika kila 100. Kama jeni la mtoto wa Isingiro halijasomwa hatujui yuko kundi gani, na majaribio ya dawa yatazidi kufanyika bila yeye.

Dawa ya kuumaliza kabisa haipo, anayekuuzia mzizi au chupa akisema inaponya anakula pesa yako. Lakini kusema "hakuna cha kufanya" ni uongo pia. Prednisoloni, dawa ya bei nafuu, inamwongezea mtoto muda wa kutembea, ila aipewe na daktari anayemfuatilia uzito, urefu na mifupa, na isikatishwe ghafla hata siku mkiishiwa, ni hatari. Kunyoosha vifundo vya miguu kila siku, mama yeyote anaweza kujifunza. Moyo upimwe kila mwaka, hata kama halalamiki. Chanjo apate kama daktari anavyoelekeza. Akienda kupasuliwa mwambieni mtu wa usingizi ana ugonjwa gani, maana kuna dawa ya kulegeza misuli inayoweza kusimamisha moyo wake. Wengi wanaacha kutembea wakifika kama miaka 12 na ndipo kiti cha magurudumu kinapotakiwa, kiti kinachomfikisha darasani. Zamani walikuwa wanakufa kabla ya miaka 20, leo penye huduma nzuri ya moyo na kupumua wengi wanafika miaka 30 na kuendelea.

Baba wa yule mtoto alikuja mara ya pili tu, akakaa mbali, tukamweleza habari ya X tukichora kwa kijiti mavumbini, akauliza swali moja, kama mdogo wake wa miaka miwili naye anaumwa. Tulimpima, CK yake ilikuwa ya kawaida. Baba alishika ile karatasi muda mrefu, alafu akampa mkewe aisome.

Bibi sasa anakuja kila tukionyesha filamu. Sehemu ya mkeka ikiisha anamwambia VJ simamisha, anaenda mbele ya skrini, anapiga magoti, mikono chini, anaanza kupanda mapaja yake mwenyewe mbele ya watu wote, na magoti yake yanauma lakini hakubali kushikwa mkono.