Grini kadi ikiisha muda hujapoteza ukaazi

Jamani hii kitu imetisha watu miaka mingi, eti grini kadi ya Marekani (kadi ya ukaazi wa kudumu) ya miaka 10 ikiisha muda basi na ukaazi wako umeisha na kazi huwezi kufanya tena. Siyo kweli. Kinachoisha ni kadi, ukaazi wenyewe unabaki, na kama bosi alishakagua vizuri karatasi zako za ruhusa ya kazi ulipoajiriwa, haruhusiwi kukukagua upya eti kwa sababu kadi imeexpaya.

Hata ukianza kazi mpya, ile fomu I-9, ya mwajiri kuthibitisha unaruhusiwa kufanya kazi Marekani, inakuachia wewe uchague karatasi za kuonyesha, mfano leseni ya udereva pamoja na kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani) isiyoandikwa masharti ya kazi zinatosha kabisa, na mwajiri hana ruhusa ya kung'ang'ania grini kadi tu, hilo watu wengi hawalijui na inaniuma sana.

Ila usikae nayo hivyo hivyo, sheria inamtaka mwenye miaka 18 kwenda juu atembee na kadi hai, kwa hiyo jaza I-90, fomu ya kuomba kadi mpya, mapema. Wenye kadi ya miaka 2 yenye masharti, yenu ni tofauti, nyie mkichelewa kuomba masharti yaondolewe ukaazi wenyewe unaweza kuondoka.