Kermesi si neno la walevi, jamani

Kazi yangu ni mabango na mialiko hapa Lubumbashi, na kiangazi kikikaribia ninajua nitakachoambiwa. Anaingia mama wa kamati ya wazazi, au kijana wa parokia, karatasi ya kermesi mkononi, yaani ile sherehe ya parokia au shule yenye michezo, chakula na muziki, kisha sauti inashuka: «Papa, mutoe ile neno, ni ya banywaji. Muandike foire», neno la Kifaransa la gulio la sherehe.

Tuanze na hilo, maana ndilo linalonichosha. Eti kermesi ni neno la baa, halifai kwenye bango la kanisa. Mimi nasema ni vigumu kupata neno la kikanisa kulishinda. Limetoka kwa Waflamandi, watu wa kaskazini mwa Ubelgiji wanaosema Kiholanzi: kerk ni kanisa, mis ni misa. Ilikuwa misa ya kukumbuka siku kanisa la kijiji lilipotabarukiwa, au ya sikukuu ya mtakatifu msimamizi wake. Watu walitoka vijiji vya jirani kuja kusali. Penye umati hawakosi wachuuzi, wapiga muziki wakawafuata, pombe nayo ikaja. Miaka ilivyokwenda misa ikabaki ndani, neno likatoka nje pamoja na watu.

Kanisa Kuu letu ni la Watakatifu Petro na Paulo. Kwa maana ile ya kale, kermesi yake ingekuwa tarehe 29 Juni, na anayelikataa neno angekuwa anaikataa misa yenyewe.

Sisemi walevi wamesingiziwa. Mwaka 1559 mchoraji Pieter Bruegel alichora kermesi ya Hoboken, karibu na Antwerp: hawa wako kwenye maandamano ya kanisa, wale wanalenga mishale, wengine wameshikana mikono wanacheza. Rubens naye, katika miaka ya 1630, akachora ya kwake iliyoko Louvre, jumba la makumbusho la Paris, na humo kanisa hulioni. Ni vikombe, mabusu na watu walioanguka chini. Kwa hiyo anayekerwa na kreti za bia nyuma ya kibanda cha michopo, nyama ya kuchoma, ana haki. Alalamikie kreti, aliache neno.

Na foire wanayoikimbilia? Ni feria ya Kilatini, siku ya kupumzika kwa ajili ya sikukuu, nayo imeishia sokoni vilevile. Hakuna usafi wowote mlioupata.

Walimu nao huwaambia watoto kwamba kermesse ni Kifaransa halisi kwa sababu mwishoni kuna messe. Messe na mis ni ndugu, zote zimezaliwa na missa ya Kilatini, lakini hiyo ker- ya mbele Kifaransa hakiifahamu. Wafaransa waliliazima tangu zama za kati. Huku kwetu lililetwa na Wabelgiji, na watawa Wabenedikto waliofika Katanga mwaka 1910 walitoka abasia ya Sint-Andries, Bruges, nchi ya Waflamandi penyewe.

Kanivali ni kitu kingine kabisa. Ni sherehe ya kuaga nyama kabla ya Kwaresima. Ukiniletea bango la «Kanivali ya Parokia» la mwezi wa nane, nitakurudisha nalo.

Wengine wanashikilia kwamba bila kukusanya pesa kwa ajili ya maskini au ya jengo, hiyo si kermesi. Maana hiyo imekuja baadaye. Wale wakulima wa Bruegel hawakuwa na tombola ya kujenga choo cha shule. Ila kama mnakusanya, basi semeni ni za nini. Nimewaambia mpaka nimechoka: bango la «njooni tusaidie kazi ya Mungu» halijazi kiwanja. Andikeni kinywaji cha munkoyo, chakula cha kikanda, mbio za magunia, kuvuta kamba, na kwamba faida ni ya mabati ya darasa la tatu. Bei ya kuingia iandikwe kubwa, isifichwe chini kama deni.

Kuna pia wanaodhani neno hili ni letu Wakongo na Wabelgiji tu. Mexico wanasema kermés, Waturuki kermes, na Ubelgiji hata mbio za baiskeli zinazozunguka barabara za kijiji wakati wa sikukuu zinaitwa hivyo.

Kwenye bango la Kifaransa naweka s mbili na e ya mwisho. Ukileta «kermess», nasahihisha bila kukuuliza.