Umezima taa za laptopu ya gemu, mbona bado zinawaka?

Mteja aliniwekea laptopu yake mezani akaniambia, "Fundi, nimezima kila kitu, usiku bado inawaka." Nikafungua programu ya taa mbele yake. Kweli, swichi ilikuwa imezimwa na kibodi kiza. Akafunga mfuniko. Baada ya sekunde chache nembo ya mgongoni ikaanza kupumua: inang'aa, inafifia, inang'aa tena. Chumbani kwake mwanga huo ulikuwa ukimulika ukuta usiku kucha.

Hakukosea. Alizima taa za laptopu ikiwa macho, akaacha za laptopu ikiwa imelala (sleep), hali inayoingia mfuniko unapofungwa.

Wengi hudhani Windows ndiyo inayowasha taa hizi. Siyo. Kwenye ubao wa saketi ndani ya laptopu mna chipu ndogo yenye programu yake ndani, na kazi yake ni kuwasha na kupanga rangi. Chipu hiyo inaweza kuendelea kupata umeme hata laptopu ikiwa imelala, na kwenye mashine nyingine hata ikiwa imezimwa lakini chaja imechomekwa. Programu unayoiona kwenye skrini, iwe Armoury Crate ya Asus, Alienware Command Center, PredatorSense ya Acer au Synapse ya Razer, inapeleka amri tu. Ndiyo maana nasikitika mtu anapoifuta programu kwa hasira akitegemea taa zitazimika. Chipu inabaki na amri ya mwisho iliyohifadhi, au inarudi kwenye ule upinde wa mvua wa kiwandani, na sasa huna cha kuiamuru. Zima kwanza, hakikisha zimezimika, ndipo ufute kama bado unataka.

Kwa hiyo ndani ya programu usiishie kwenye swichi ya kwanza. Kwenye laptopu nyingi za ROG za Asus, kwa mfano, kuna visanduku vya hali nne: inapowaka, ikiwa macho, ikilala, ikizimwa. Ondoa alama kwenye vyote. Kisha angalia kama kibodi, nembo na mstari wa taa wa mbele au nyuma vimetenganishwa, maana mara nyingi kila kimoja kina mpangilio wake. Kwa sababu hiyo pia vitufe vya mkato havitoshi: kwenye Legion za Lenovo, Fn na kitufe cha nafasi hubadilisha taa za kibodi, wala usitegemee kwamba nembo nayo itafuata.

Programu isipokuwa na swichi ya kuzima, chagua rangi moja isiyocheza, kisha weka nyekundu, kijani na bluu zote kwenye 0. Kila taa ya RGB ina vitaa vitatu ndani yake. Ukiviweka vyote sifuri hakuna kinachowaka. Nyeupe, ambayo watu huichagua wakidhani ndiyo ya upole, huwasha vyote vitatu kwa pamoja, hivyo hula betri kuliko nyekundu peke yake kwa kiwango kilekile cha mwangaza kwenye programu.

Kwenye Windows 11 kuna jambo jingine lililoingia mwaka 2023, Dynamic Lighting, yaani Windows yenyewe kuamuru taa, ndani ya Mipangilio, sehemu ya Personalization. Kama laptopu yako inaitambua, Windows na programu ya mtengenezaji zinaweza kugombania taa: unazizima hapa, zinawashwa kule. Zima Dynamic Lighting kwanza, kisha rudi kwenye programu. Wanaotumia Linux badala ya Windows wajaribu programu ya OpenRGB, na wenye Asus wana asusctl.

Kuchomoa waya bapa wa taa ndani ya mashine ni hatua ya mwisho kabisa. Betri ichomolewe kwanza, kibano cha soketi kiinuliwe kwa ukucha, na uwe na hakika waya huo haubebi kitu kingine. Kwa nembo peke yake, kipande cha tepu nyeusi ya umeme kinatosha, mradi kisizibe tundu la hewa.

Ukimaliza, zima taa ya chumba ujaribu: washa upya, funga mfuniko usubiri dakika moja, kisha zima kabisa huku chaja imechomekwa. Rudia jaribio hilo kila baada ya kusasisha BIOS (programu ya msingi inayoamsha mashine) au programu ya taa, kwani mipangilio huweza kurudi ya kiwandani.